Shajara ya mradi: mashine za sataranji za bei ya chini, kutoka darini hadi rafuni

12 Januari

Rafu imepatikana na mashine nne ziko mezani, vifaa vya kielektroniki vinavyocheza sataranji na mtu. Sharti nililojiwekea ni moja tu: sinunui kitu cha kifahari. Wakusanyaji wengi wa mashine za sataranji hukimbilia zile za mbao zenye sumaku chini ya kila kete, na sina ugomvi nao, pesa ni zao. Mimi nazitaka zile zilizouzwa duka moja na redio na pasi za nguo, zikanunuliwa kwa ajili ya Krismasi, zikachezewa mpaka watoto wakachoka, kisha zikapandishwa darini. Huku Uingereza huibuka tena baada ya miaka thelathini kwenye maduka ya hisani, au viwanjani Jumapili asubuhi ambako watu hufungua buti za magari na kuuza walivyochoka navyo. Nyingi huuzwa kwa bei ya sahani ya biriani, na muuzaji hukuapia kwamba alipoiwasha mara ya mwisho ilikuwa nzima.

Nilizonazo ni hizi: Chess Challenger 7 ya Fidelity, Mephisto Europa, moja yenye jina la bingwa Kasparov kwa herufi kubwa ila stika ya chini imechakaa, modeli haisomeki, na ya mkononi ya Excalibur yenye kioo cha LCD. Hakuna iliyo salama kabisa.

Mwaka 1977 mashine ya namna hii ilikuwa bidhaa ya mtu mwenye nafasi. Kufika mwanzo wa miaka ya 1990 ilikuwa zawadi ya mtoto. Lazima kuna vitu vilivyoachwa njiani. Kwa hiyo kazi si kuzifufua tu. Nataka kila nikifungua mfuniko niangalie kipi hakipo, na namna gani waliotengeneza walijua kwamba kinaweza kukosekana na sataranji ikabaki sataranji.

15 Januari: Chess Challenger 7

Nimeanza na mkubwa wao. Fidelity Electronics haikuzaliwa kwenye michezo, ilikuwa kampuni ya vifaa vya kuwasaidia watu wasiosikia vizuri, mwenyewe Sid Samole. Mwaka 1977 ikatoa Chess Challenger, mashine ya sataranji ya kwanza kuuzwa kwa watu wa kawaida, ndani yake prosesa ya Intel 8080 na programu ya Ron Nelson. Ilikuwa na kiwango kimoja tu cha uchezaji. Ubao wake ulichapwa kinyume: herufi zilikaa ubavuni na tarakimu zikakaa chini, wakati vitabu vyote vya sataranji hufanya kinyume chake. Waliirekebisha baadaye, na hizo za mwanzo sasa zinatafutwa kwa udi na uvumba kwa sababu ya kosa hilohilo.

Hii yangu, ya 7, ni ya mwaka 1979. Kushoto kuna ubao, kulia kuna vibonyezo na tarakimu nne za taa nyekundu. Ubao ni pambo. Mashine haijui chochote kinachotokea juu yake, ungeweza kuweka sahani ya chakula pale na mchezo ukaendelea. Ukitaka kusogeza askari aliye mbele ya mfalme, unaandika E2, kisha E4, kisha unabonyeza EN, kibonyezo cha kuingiza. Inafikiri, halafu inakuonyesha jibu lake kwa tarakimu, na wewe ndiye unayemsogezea kete zake. Mtumishi wa pande mbili.

Kilichonifurahisha ni vibonyezo. Herufi ni nane na tarakimu ni nane, lakini vibonyezo vyake ni vinane pia, si kumi na sita. Kimoja kimeandikwa A1, kinachofuata B2, mpaka H8. Mguso wa kwanza lazima uwe herufi na wa pili lazima uwe tarakimu, kwa hiyo programu inajua bila kuuliza. Nusu ya vibonyezo imeokolewa, pamoja na nyaya zake, kwa kitu ambacho hakigharimu hata senti: kukumbuka zamu. Huu ni ubahili wa mtu mwenye akili, na ndiyo mbegu ya yote yaliyofuata.

Juu kuna vitaa viwili vyenye maneno yake. Kimoja CHECK, cha kukuonya kwamba mfalme wako anashambuliwa. Cha pili I LOSE, yaani mashine imesalimu amri. Kitaa cha kujisifu hakipo. Nani alikaa kikaoni akaamua hivyo sijui, lakini namheshimu.

Ndani: prosesa moja ya Z80, ROM ya kilobaiti 4 (kumbukumbu ya kudumu yenye programu), na RAM (kumbukumbu ya muda ya kufanyia kazi). Kila chipu inaonekana, kila moja ina jina lake, na unaweza kufuata njia za shaba kwa kidole kutoka hii kwenda ile. Ugonjwa wake ulikuwa mdogo: tundu la adapta lilikuwa limelegea, risasi ya kuchomelea imepasuka kama pete kuzunguka mguu wake. Hii ni kawaida kwa kifaa chochote ambacho waya wake ulivutwa na watoto. Nimeondoa risasi ya zamani, nimechomelea upya, tarakimu zimewaka.

Tahadhari kwa atakayeipata yenye adapta yake ya asili. Yangu ilikuja na ya Marekani ya volti 110, na huku ukutani kuna 230. Nimeikata waya nisije nikajisahau usiku nikaichomeka. Badala yake nimetafuta transfoma ya huku inayotoa kile kilichoandikwa kwenye ile ya zamani, volti zilezile na aina ileile ya umeme. Soma maandishi yote, siyo volti peke yake.

21 Januari: Kasparov asiye na jina

Hapa ndipo mradi ulipoanza kunoga.

Saitek ilikuwa kampuni ya Hong Kong, zamani ikiitwa SciSys, ya Eric Winkler. Waliingia mkataba wa kutumia jina la Garry Kasparov, naye alipotwaa ubingwa wa dunia mwaka 1985 picha yake ikawa inauza maboksi yenyewe. Hii yangu ni ya plastiki tupu, nyepesi mpaka unadhani ndani hamna kitu. Nikafungua skrubu, nikakuta kweli karibu hamna kitu.

Tofauti na ile ya Fidelity, hapa ubao si pambo. Unabonyeza kete juu ya mraba inakotoka, mashine inalia, unabonyeza tena inakokwenda, inalia tena. Hakuna kuandika E2 wala E4. Tarakimu za taa nyekundu hazipo. Vibonyezo vya herufi havipo. Ungedhani ubao unaohisi ni nyongeza ya gharama, kumbe ni punguzo, kwa sababu umefanya kazi ya kibodi.

Umetengenezwa hivi. Karatasi ya chini ya plastiki imechapwa mistari minane ya wino unaopitisha umeme, ikienda upande mmoja. Karatasi ya juu imechapwa mistari minane ikienda upande mwingine. Katikati kuna karatasi ya tatu yenye tundu kwenye kila mraba, inayozuia hizo mbili zisigusane. Ukibonyeza kete, karatasi ya juu inabonyea kupitia tundu, mstari wa juu unagusa wa chini, basi. Miraba 64, mistari 16. Prosesa inapeleka umeme kwenye mstari mmoja, inasoma ile minane mingine, inahamia unaofuata, inazunguka hivyo mara nyingi kwa sekunde. Kidole cha binadamu ni kizito sana kuikwepa.

Jibu lake inalitoa kwa vitaa 16 vilivyopangwa pembeni, vinane kwa safu na vinane kwa mistari. Kikiwaka cha e na cha 7, macho yako yanakutana na mraba e7: chukua kete iliyopo. Bonyeza, vinawaka vya e na 5: weka pale. Mtoto wa miaka saba anaelewa bila maelezo. Hata kuchagua kiwango cha ugumu kunafanyika kwa vitaa hivyohivyo, kwa hiyo kitu kimoja kimebeba kazi tatu.

Jambo moja wengi hawalijui hata waliozimiliki: mashine hizi hazitambui kete. Kilichopo chini ni mguso, basi. Mwanzo wa mchezo inajua kila mtu amesimama wapi, na kuanzia hapo inafuatilia kwa kichwa. Boksi langu lilikuja bila farasi mmoja mweusi na askari watatu weupe, na nimeziba pengo kwa vizibo vya soda, kama wachezaji wa drafti wanavyofanya kila kijiwe. Mashine haijalalamika. Ungeweza kucheza sataranji nzima kwa kidole kitupu ukiwa na kumbukumbu nzuri. Zile za mbao zenye sumaku zinahitaji kete zake maalumu, na ukipoteza moja una kazi.

Ugonjwa: safu yote ya d haisikii. Mraba mmoja ukifa, tatizo liko pale pale kwenye mraba. Safu nzima ikifa, tatizo liko njiani, kati ya karatasi na bodi. Karatasi zinatoka na mkia, utepe mwembamba wa plastiki wenye mistari iliyochapwa, unaopinda pembe kali kuingia kwenye soketi. Wino wa mistari hii hauchomeleki. Ukiugusa na chuma cha moto, plastiki inajikunja na kazi imeisha siku hiyo.

Nimeweka mita ya umeme kwenye kupima mwendelezo wa waya, ncha moja kwenye mkia karibu na soketi, ya pili nikaitembeza polepole kurudi kwenye ubao. Mistari yote ililia isipokuwa mmoja. Nikakuta ufa pale kwenye kunjo, mwembamba kama unywele, hauonekani mpaka uelekeze taa kwa ubavu.

Dawa ni rangi ya fedha inayopitisha umeme, ile inayouzwa kwenye vichupa vidogo kwa ajili ya kutengeneza nyaya za kioo cha nyuma cha gari. Nimefuta mahali pale kwa spiriti, nimeziba mistari ya jirani kwa vipande vya karatasi yenye gundi, nimetia tone moja kwa ncha ya kijiti cha meno na kulivuta juu ya ufa. Sikukunjua utepe kabisa. Nimeuacha kwenye umbo lake la kupinda wakati rangi inakauka, maana ukiupaka umenyooka kisha ukaukunja, unaipasua rangi mpya papo hapo. Nimeiacha mpaka kesho yake. Mita ikalia. Safu ya d imerudi.

Nilipokuwa na karatasi mkononi nilizitazama kwenye mwanga. Alama za kubonyezwa zimejaa katikati, e2, e4, d4, e5, na kwenye g1 na f3 ambako farasi hutoka. Pembeni, kwenye safu ya a na h, wino ni mpya kabisa. Aliyekuwa nayo alikuwa anaanza na askari wa mfalme kila siku ya Mungu, na mara nyingi hakufika mbali.

28 Januari: chipu moja

Bodi ya Kasparov ina chipu moja kubwa tu, imeandikwa HD6301Y0, ya Hitachi. Hii ni prosesa, ROM na RAM kwenye kipande kimoja: ROM kilobaiti 16, RAM baiti 256. Baiti, siyo kilobaiti. Saitek walijivunia hiyo ROM mpaka wakaiweka kwenye majina, Turbo 16K na Express 16K. Ile RAM hakuna aliyeiandika kwenye boksi.

Sataranji inaingiaje kwenye baiti 256? Njia moja inayotosha ni hii. Ubao ukiuwekea baiti moja kwa kila mraba, zimekwenda 64. Mashine inapofikiri haihitaji kukumbuka miti yote ya uwezekano, inahitaji tawi moja tu ililosimama juu yake kwa sasa: nimesogeza hii, akajibu ile, nikajibu hii. Kwa kila hatua ya tawi unaandika kete ilikotoka, ilikokwenda, ililiwa nini hapo, na alama za mambo maalumu kama kuhamisha mfalme na ngome kwa pamoja. Baiti nne au tano. Tawi la hatua kumi ni baiti 50. Ukimaliza kulipima unarudi nyuma hatua moja, unarudisha kilicholiwa, unajaribu nyingine mahali palepale. Orodha ya hatua zote zinazowezekana haihifadhiwi. Unazitengeneza moja baada ya moja, unaitumia, unaitupa.

Na siyo kila tawi linapandwa hadi mwisho. Kama nimeshapata hatua isiyonitia hasara, halafu ninapima nyingine na jibu la kwanza la adui linanila ngome, sina haja ya kutafuta kama ana jibu kali zaidi. Hatua imeshakufa, ninaiacha. Kukata matawi kwa namna hii kunaokoa muda mwingi kuliko kuongeza kasi ya prosesa, na hakudai kumbukumbu yoyote ya maana.

Waliozijaza ROM hizi hawakuwa watu wa mitaani. Programu nyingi za Saitek za miaka ya 1980 ziliongozwa na Julio Kaplan, bingwa wa dunia wa vijana wa mwaka 1967, akifanya kazi na Craig Barnes. Baadaye akaja Mholanzi Frans Morsch, ambaye ndiye aliyeandika pia Mephisto Europa iliyoko mezani kwangu. Huyu Morsch, aliyekaa miaka akibana sataranji kwenye chipu za vifaa vya watoto, ndiye mwandishi wa programu ya sataranji ya Fritz, na Fritz mwaka 1995 ilichukua ubingwa wa dunia wa kompyuta huko Hong Kong, ikiwa kwenye kompyuta ya kawaida ya Pentium, na njiani ikaifunga mashine ya IBM iliyokuwa mtangulizi wa Deep Blue, kompyuta yao maarufu ya sataranji. Mtu akiniambia mashine za bei ya chini ni takataka namtajia hilo, kisha nanyamaza.

Hong Kong hiyohiyo ndiyo iliyokuwa karakana ya biashara hii. Novag nao walikuwa huko, na programu zao za David Kittinger zilikuwa za hali ya juu. Lakini mashine yao ya mwanzo, Chess Champion MK I, ina hadithi. Kampuni ya Marekani ya Data Cash Systems ilikuwa ikiuza CompuChess, na mara ikaona muuzaji wa kwao, JS&A, anauza mashine kutoka Hong Kong yenye programu ileile. Wakaenda mahakamani Illinois. Mwaka 1979 jaji akasema programu iliyokaa ndani ya ROM haihesabiki kuwa nakala kwa sheria ya hakimiliki. Wakakata rufaa, na mwaka 1980 wakashindwa tena, safari hii kwa sababu walikuwa wameuza mashine zao bila kuandika popote tangazo la hakimiliki. Kesi ya mchezo wa watoto, na wanasheria wa kompyuta waliitaja kwa miaka mingi.

Sasa upande wa uchungu. Chipu moja maana yake roho moja. Kwenye Chess Challenger 7, Z80 ikiungua naipata nyingine kesho, na ROM ikifa naweza kuandika programu ileile kwenye chipu mpya. Kwenye Kasparov, programu ilichongwa kiwandani ndani ya HD6301Y0 yenyewe. Ikifa, spea pekee ni kuua mashine nyingine ya modeli hiyohiyo. Wanaohifadhi programu hizi kupitia MAME, programu inayoiga mashine za zamani, wamefanya kazi kubwa, na mchezo unaweza kuuendesha kwenye kompyuta, lakini ubao unaolia mkononi mwako haurudi kwa njia hiyo. Ya bei ghali ya mwaka 1979 inatengenezeka kuliko ya bei rahisi iliyokuja miaka kumi baada yake. Waliopunguza gharama walianza na sisi mafundi.

2 Februari: Europa, kwa haraka

Kitaa kimoja cha pembeni kimekufa. Nimekibadilisha, kimewaka. Plastiki imesafishwa kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo. Adapta niliyoagiza ilikuja na mchoro unaosema chanya iko katikati ya plagi, nikaipima kabla ya kuchomeka, kumbe chanya iko nje. Mpime kila adapta, hata mpya, hata iliyofungwa kwenye nailoni. Hiyo nimeirudisha.

Ndani ni ndugu wa Kasparov: familia ileile ya chipu za Hitachi, karatasi zilezile za kubonyeza. Ukifumba macho na kufungua mojawapo huwezi kujua ni ya Munich au ya Hong Kong. Na ilikuwa ni suala la muda tu, maana Hegener + Glaser wa Munich, wenye jina la Mephisto, waliinunua Fidelity mwaka 1989, kisha wao wenyewe wakanunuliwa na Saitek mwaka 1994.

5 Februari: Excalibur

Betri zilivuja. Chumba cha betri kimejaa unga mweupe na kijani, springi moja imelika. Siki kwenye mswaki wa zamani, inachemka povu kidogo, unafuta, unarudia kwa spiriti, unakausha. Springi nimetoa kwenye rimoti iliyokufa. Kioo kilikuwa kinaonyesha nusu ya ubao. Tatizo ni ule mpira mwembamba wenye tabaka unaounganisha kioo na bodi, ulikuwa na vumbi. Nimeufuta, nimeurudisha, nimekaza skrubu kwa usawa ili ubane pande zote. Ubao wote sasa unaonekana, ingawa rangi imepauka.

Excalibur ilianzishwa Florida na Shane Samole, mtoto wa Sid wa Fidelity, na programu zake akaziandika Ron Nelson yuleyule wa mwaka 1977. Hapa hata ubao umeachwa: kete ni picha za kioo. Mimi binafsi siipendi. Ukiondoa kete za kushika, umeondoa kitu ambacho hakikuwa gharama tu.

15 Februari: mtihani wa Safina ya Nuhu

Sasa zote zinawaka, nikataka kuona zinavyofikiri. Sataranji ina mtego wa zamani uitwao Safina ya Nuhu. Nyeupe ana askofu b3, na nyeusi ana askari a6, b5 na d6, mwingine c7 akisubiri. Katikati, d4, kuna askari mweusi asiye na mlinzi, na malkia mweupe anaweza kumla bure. Ukimla, nyeusi anasukuma c5 akimtishia malkia. Malkia anakwenda d5 kwa mbwembwe, anatishia kumfunga mfalme kwenye f7 na kula ngome ya a8 kwa wakati mmoja. Askofu mweusi anakuja e6. Malkia c6, mfalme anashambuliwa, askofu anarudi d7. Malkia anarudi d5, na sasa nyeusi anasukuma c4. Ukuta umekamilika: a6, b5, c4. Askofu wa b3 hana pa kutokea, f7 imezibwa, na ngome ya a8 inalindwa na malkia. Anayejua mtego anamwacha yule askari wa d4 na kucheza askofu d5 kwanza.

Uzuri wa mtego huu kwa mashine ni kwamba hasara iko mbali. Askari wa kuliwa yuko hapa, hatua moja. Askofu anapotea baada ya hatua nyingi za kwenda na kurudi, na vitisho vya malkia vinairefusha njia zaidi. Mashine inaona mpaka upeo wake, na kinachotokea hatua moja baada ya upeo, kwake hakipo duniani.

Nikaupanga ubao katika kila moja, nikawapa nyeupe. Chess Challenger 7 kwenye kiwango cha chini ilimla askari kabla sijaondoa kidole. Nikaiendeleza. Ilipofika ukutani ikaanza kile ambacho mashine zote za zamani hufanya: ikamtoa askari wa pembeni, halafu mwingine, siyo kwa mpango, ila kwa sababu kila hatua ya kuchelewesha inasukuma kifo cha askofu nje ya upeo na kwa hesabu zake tatizo linakuwa limetatuliwa. Ilipoteza askari na askofu vilevile.

Kasparov kwenye kiwango cha haraka ilikula pia. Nikaipandisha kwenye kiwango cha muda mrefu, nikaenda kuchemsha chai. Niliporudi vitaa vya b na 3 vilikuwa vinawaka. Nikabonyeza. Vikawaka vya d na 5. Askofu d5, hatua yenyewe. Chipu ileile, baiti zilezile 256, imepewa muda tu.

Europa na Excalibur nimeziacha kwa mtihani mwingine, maana mkono ulishachoka kuweka kete.

22 Februari: ligi

Mashine haziwezi kuzungumza, kwa hiyo mimi ndiye waya. Hatua ya Kasparov naisoma kwenye vitaa, naiandika kwenye Fidelity, nasubiri tarakimu nyekundu, nairudisha kwenye ubao wa kubonyeza. Ni kazi ya tarishi. Lakini ukifanya hivi jioni nzima unazijua tabia zake kuliko kusoma jedwali lolote la nguvu za mashine.

Fidelity inapenda kula. Kikiwa bure inakila, kisipokuwa bure inafikiria kukila. Kasparov ni mwoga kidogo, inamficha mfalme mapema na kungoja. Mechi ya kwanza Kasparov ilipata askari wawili mbele, ikabadilishana karibu kila kitu, ikabaki na mfalme na ngome dhidi ya mfalme mtupu. Mchezaji wa wastani anamaliza hapo akiwa anapiga soga. Kwenye kiwango cha haraka mashine ikazunguka, ngome huku, ngome kule, ikimshambulia mfalme wa adui bila kumsogeza kwenye ukingo. Kumfunga mfalme kwa ngome kunahitaji mpango wa hatua kumi na kitu, na upeo wake hauufikii. Nikaipandisha kiwango katikati ya mchezo, jambo ambalo nimeliruhusu kwenye kanuni za ligi kuanzia sasa, ikampeleka pembeni na kumfunga. Kitaa cha I LOSE kikawaka. Kinapendeza zaidi kuliko nilivyotegemea.

Europa itacheza na mshindi. Ya tano iko njiani kwa posta, ni Novag ndogo, na kwenye picha ya muuzaji utepe wake unaonekana umepinda vibaya karibu na soketi. Kichupa cha rangi ya fedha kimebaki robo, nadhani kitatosha mstari mmoja au miwili. Mwenye kujua anayeuza vichupa vidogo zaidi ya vile vya magari aniambie, maana vinakauka kabla sijavimaliza.